UZI: Feni ya kadi ya grafiki inavuma na joto halishuki (Kisumu, Nakuru na Magharibi)

#1 JotoLaZiwa

Wadau, habari zenu. Swali la kadi kuchemka linarudi kila wiki na jibu ni lile lile: "weka feni asilimia 100 uendelee kucheza." Jibu hilo linafunika ugonjwa. Feni ikivuma kwa nguvu zake zote na kadi bado iko nyuzi 84, kuna joto lililokwama mahali: kwenye hewa ya kasha, kwenye mapezi ya hitisinki (chuma kinachopoza chipu), kwenye pesti inayopitisha joto kati ya chipu na hitisinki, au wati zenyewe ni nyingi kuliko gemu inavyohitaji. Mambo haya tuyakusanye hapa, kwa hali ya hewa yetu.

Pima kwanza, na uanze na chumba. Kadi haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoivuta. Kwa gemu ile ile na kasi ile ile ya feni, tofauti kati ya kadi na chumba hubaki karibu pale pale. Kadi inayokaa nyuzi 70 chumba kikiwa 22 itakaa karibu 79 chumba kikifika 31, saa nane mchana hapa Kisumu, na hakuna kilichoharibika. Kwa hiyo ukisoma namba za mtu aliyepima Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 20, toa joto la chumba chake, toa la chako, ndipo ulinganishe. Kipimajoto cha ukutani kinatosha. Kiweke mbele ya kasha pale linapovuta hewa.

Kisha fungua HWiNFO64, programu ya kusoma sensa za mashine, uchague sensa peke yake. Tazama joto la chipu, "Hot Spot" (sehemu ya chipu yenye moto zaidi), mizunguko ya feni kwa dakika, na wati. Cheza gemu lenyewe dakika 20 mahali pamoja penye kazi nzito. Namba ya dakika ya tatu usiiandike, kwa sababu hitisinki na hewa ya kasha bado zinapanda.

Ongeza GPU-Z, programu nyingine ya kusoma kadi, utazame mstari wa PerfCap Reason, yaani sababu ya kadi kutopanda kasi zaidi. Ikiandika "Thrm", kadi inajishusha kasi kwa sababu ya joto. "Pwr" maana yake imefika kikomo cha wati, "VRel" imefika kikomo cha volti. Wengi wanaolaumu joto hukuta "Pwr", na hapo kuongeza feni hakubadilishi chochote cha maana.

Mpaka wa hatari nao uko mbali kuliko watu wanavyodhani. RTX 3060 kwa mfano NVIDIA imeipa kikomo cha nyuzi 93, na kadi nyingi zao zina lengo la karibu 83 ambapo zinaanza kujibana kweli. Chini ya hapo kasi hupungua kwa hatua ndogo za takribani MHz 15. Nyuzi 75 hadi 80 mchana wa Kisumu si ugonjwa. Tofauti kati ya chipu na Hot Spot ndiyo ya kuangaliwa: 10 hadi 15 ni kawaida, ikipita 25 kuna tatizo la pesti au la mkao wa hitisinki.

---

#2 Menengai_FPS

Asante mkuu. Naongeza mchoro wa feni, yaani mstari unaoipangia feni kasi kwa kila joto, maana ule unaokuja na kadi mara nyingi umepangwa kwa ukimya, si kwa chumba cha nyuzi 30.

Fungua MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, ingia kwenye mipangilio, kichupo cha "Fan", weka tiki kwenye "Enable user defined software automatic fan control". Utaona mstari wenye vidoti. Anzia hapa: nyuzi 45 feni asilimia 30, nyuzi 60 asilimia 42, nyuzi 70 asilimia 58, nyuzi 78 asilimia 75, nyuzi 85 asilimia 100. Mteremko kati ya 65 na 78 uwe wa polepole, kwa kuwa gemu itaishi humo. Ukiweka ngazi kali hapo, feni itapanda na kushuka kila mlipuko ukitokea kwenye skrini, na sikio huchoshwa zaidi na kelele inayobadilika kuliko kelele iliyotulia.

Halafu rekebisha kwa kadi yako. Shikilia feni 60 kwa dakika kumi, andika joto. Panda 70, andika. Panda 80. Pale asilimia kumi za ziada zinapokupa chini ya nyuzi 2, simama. Hicho ndicho kilele chako cha kila siku, na 100 ibaki ya dharura. Kelele hupanda haraka sana kuliko hewa: kutoka kasi ya 75 hadi 100 unaongeza desibeli 6 hivi, na joto linashuka nyuzi chache tu.

Kosa linalowakuta wengi: mchoro huu unafanya kazi Afterburner ikiwa imefunguka. Weka tiki kwenye "Start with Windows" na "Start minimized", la sivyo ukiwasha mashine kesho kadi imerudi kwa mchoro wake wa zamani. Na programu ya kusimamia feni iwe moja. Afterburner pamoja na Adrenalin (programu ya kadi za AMD), au pamoja na ile ya mtengenezaji wa kadi, hunyang'anyana feni na utaona mizunguko inaruka bila sababu.

---

#3 Omwami_Kakamega

Swali kwa wazee wa uzi. Kadi yangu ni RX 580 ya AMD, mashine haina kazi, inasoma tu kurasa. Feni zinawaka, sekunde 20 zinazima, zinawaka tena. Ni feni inakufa?

---

#4 Menengai_FPS

La, omwami, feni ni nzima. Kadi inasimamisha feni ikiwa chini ya joto fulani, kwa kadi nyingi kati ya 50 na 60. Chumba chenye joto kinaiweka kadi pale pale mpakani: inapanda nyuzi moja, feni zinawaka, inashuka moja, zinazima. Kuwaka na kuzima huko kunachosha beringi kuliko kuzunguka polepole mchana kutwa.

Kwa Adrenalin ingia Performance, Tuning, kisha Fan Tuning, uzime "Zero RPM", na feni ya chini iwe asilimia 25 hadi 30. Kama feni haitaki kuanza kwa 25, panda kidogo kidogo hadi izunguke bila kusita. Wenye Afterburner, tafuteni "Temperature hysteresis" chini ya mchoro, muweke 4 au 5: feni itapanda joto likipanda, lakini haitashuka hadi joto lipungue kwa nyuzi hizo.

---

#5 Nyalenda_88

Nyinyi wa Nakuru mna baridi, haya hayawahusu sana 😀

---

#6 Menengai_FPS

Yanatuhusu, omera, kwa njia nyingine. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Kisumu 1,130, Eldoret 2,100. Kwa joto lile lile, hewa ya Nakuru ni nyepesi kwa takribani asilimia 20 kuliko ya Mombasa, ya Kisumu asilimia 13, ya Eldoret 22. Feni inasukuma ujazo ule ule wa hewa kwa kila mzunguko, lakini ndani yake kuna hewa kidogo ya kubeba joto. Kadi ambayo pwani ingekaa nyuzi 45 juu ya chumba, kwa hesabu itakaa karibu 50 juu ya chumba huku kwetu. Ubaridi wa usiku unatulipa hasara hiyo na chenji inabaki, lakini mchana wa Februari chumba cha mabati kikiwa 28, chenji imeisha.

Na vumbi la Nakuru ni laini mno. Linapita kwenye chujio la kawaida na kujijaza katikati ya mapezi.

---

#7 FundiWaKibuye

Kwa usafi nawaomba msikilize, kwa sababu hapa ndipo kadi nyingi nzima zinapouawa.

Kwanza, kipimo cha bure: toa ubavu wa kasha, cheza tena dakika 20. Joto likishuka nyuzi 5 au zaidi, kasha linakosa hewa, kadi haina kosa. Likishuka moja au mbili tu, tatizo liko ndani ya kadi: vumbi, pesti, au feni. Usifungue kadi kabla ya kipimo hiki.

Kisumu tuna adui wa pekee, wadudu wa ziwani. Wanafuata mwanga. Kasha lenye taa za rangi karibu na dirisha lililo wazi usiku linawaita wenyewe. Wakivutwa ndani wanakauka kwenye mapezi, wanashikana na vumbi, na inakuwa kama blanketi ambalo pumzi ya hewa peke yake haiondoi. Zima taa za kasha msimu wao, funga wavu kwenye dirisha badala ya kuubana kwenye kasha. Wavu wa kasha ukiwa mzito unapunguza hewa, na ukisahau kuufua wiki mbili umeziba kabisa.

Kusafisha: zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi umeme uliobaki uishe. Toa kadi. Shika kila feni kwa kidole isizunguke, kisha puliza kutoka upande wa mapezi kuelekea nje. Feni ikiachwa izungushwe na upepo mkali inapita kasi iliyoundiwa, beringi inaumia, na mota inazalisha umeme unaorudi kwenye kadi. Ile kompresa ya gereji ya kujaza magurudumu iache. Tangi lake lina maji na mafuta, na presha yake inang'oa vibandiko. Blowa ndogo ya umeme yatosha, ukiisimamisha sentimita 15 hadi 20 mbali, pamoja na brashi laini ya rangi iliyo kavu.

Mara ngapi? Mashine iliyo sakafuni chumba cha barabara ya vumbi, kila miezi miwili. Juu ya meza, mitatu au minne.

---

#8 Atieno_Fremu

Je, hizi mashine za ofisi za ex-UK, zilizotumika Uingereza? Wengi wetu tuna OptiPlex au EliteDesk ndogo na GTX 1650 ndani. Kadi inapumulia kwenye ukuta wa kasha.

---

#9 JotoLaZiwa

Dada Atieno, swali zuri, maana mashine hizo ndizo zimejaa mitaani.

GTX 1650 na GTX 1050 Ti zina kiwango cha wati 75 na nyingi hazina waya wa ziada wa umeme, ndiyo sababu zinaingia humo. Shida si wati hizo 75, shida ni njia ya hewa. Kasha hilo lilipangwa kwa feni moja inayovuta hewa mbele ipite kwenye prosesa. Kadi inakaa pembeni ya mkondo huo na inavuta hewa yake yenyewe iliyotumika.

Ondoa vibati vya nafasi tupu vilivyo nyuma, karibu na kadi, hewa ya moto ipate mlango. Panga nyaya zisilale mbele ya feni. Usiilaze mashine kwa upande ambao kadi inatazama chini bila nafasi, na usiiweke ndani ya kabati la TV. Acha sentimita 10 nyuma. Kama mfuniko una matundu, upande huo uwe ndio unaotazama feni za kadi. Ukiongeza feni ya kasha, angalia mazabodi (bodi kuu ya mashine) kwanza: Dell na HP hutumia plagi na mpangilio wao wa nyaya, na feni ya kawaida inaweza kuleta onyo kila ukiwasha.

Kisha wekea kikomo fremu, yaani picha ambazo kadi inachora kwa sekunde. Skrini ni ya Hz 60, kwa nini kadi ichore fremu 140? NVIDIA Control Panel, "Max Frame Rate", weka 60. Menyu za gemu nazo mara nyingi hazina kikomo na huchemsha kadi kuliko mechi yenyewe. Kwa gemu nyepesi ya mpira, hatua hii peke yake inashusha wati sana, na feni inatulia bila kuguswa.

---

#10 Dada_Beringi

Naingia kwa pesti, kwa kadi zilizo na pengo kubwa la Hot Spot.

Cheza dakika tano kwanza pesti ilainike, zima, toa kadi. Fungua skrubu nne zenye springi zinazozunguka chipu kwa mtindo wa msalaba, nusu mzunguko kila moja, kisha zile za pembeni. Hitisinki ikigoma, izungushe kidogo kushoto na kulia. Usiinyanyue kwa bisibisi. Nyaya za feni ni fupi, zichomoe kwa kushika plagi na si waya.

Futa kwa pombe ya isopropili ya asilimia 99. Spiriti ya duka la dawa ina maji mengi, na nyingine zimetiwa mafuta yanayobaki kama utando. Kama hakuna kingine, futa mara mbili na uache dakika 15 ikauke kabisa.

Chipu ya kadi iko uchi, haina kifuniko cha chuma kama prosesa. Kwa hiyo pesti ifunike uso wote kwa unene wa karatasi. Kona isiyopakwa ndiyo itakuwa Hot Spot yako. Chagua pesti nzito. Ile nyepesi inasukumwa nje kila kadi inapopata moto na kupoa, na miezi michache baadaye umerudi ulikoanza. PTM7950 ya Honeywell inashinda pesti kwa jambo hili: ni karatasi inayolainika karibu nyuzi 45 na haitiririki. Iweke friza dakika kumi ndipo plastiki zake zitoke bila kuirarua.

Sasa padi za kumbukumbu, zile laini zinazokaa kati ya chipu za kumbukumbu na hitisinki. Pima unene wa zile za zamani kwa kalipa, mahali palipobaki bila kubanwa. Milimita 1 na milimita 1.5 zinafanana machoni, lakini ukiweka nene kuliko inavyotakiwa, hitisinki inanyanyuka juu ya chipu. Mtu anabadilisha pesti, joto linapanda badala ya kushuka, analaumu pesti. Ukiona hivyo, rudi kwenye padi. Na kama za zamani hazijararuka, ziache.

---

#11 Omwami_Kakamega

Na feni inayokwaruza? Wengine wanasema puliza WD-40.

---

#12 Dada_Beringi

Hapana, tafadhali. WD-40 ya kawaida inaosha mafuta yaliyobaki kisha inakauka. Siku mbili kimya, wiki ya pili feni imekwama. Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya kibandiko cha katikati linakununulia muda ukisubiri feni mpya, basi.

Kununua nyingine, geuza feni usome nyuma: namba ya modeli, volti 12, na ampea. Linganisha kipenyo cha pangaboi, umbali kati ya matundu ya skrubu, idadi ya nyaya, na upande inakozunguka, kwa sababu kadi zingine zina feni mbili zinazozunguka kinyume. Picha ya muuzaji haitoshi, mwombe namba ya nyuma.

---

#13 Menengai_FPS

Jambo ambalo ningependa kila mtu ajaribu kabla ya bisibisi: kupunguza volti. Kadi hutoka kiwandani na volti za ziada ili hata chipu dhaifu iende.

Afterburner, bonyeza Ctrl na F ufungue mchoro wa volti na kasi. Kwa RTX 3060, tafuta kidoti cha mV 850, kipandishe hadi MHz 1,800, kisha vidoti vyote vya kulia kwake vishushwe viwe sawa na hicho au chini, ubonyeze Apply. Mstari ukilala tambarare kulia, umefaulu. Kadi ya wati 170 mara nyingi itacheza kwenye 120 hadi 130, na fremu utakazopoteza ni chache. Gemu ikianguka, ongeza mV 25 au punguza MHz 30. Jaribu kwa gemu mbili tofauti, jioni mbili, kabla ya kuweka tiki ya kuwaka pamoja na Windows. Ukiweka mapema na mpangilio ni mbovu, utawasha mashine kwenye skrini inayoganda. RX 580 nayo hufanywa kwenye Adrenalin, kushuka kutoka mV 1,150 ya juu hadi 1,100, kisha 1,075 polepole.

Asiyetaka vidoti ashushe "Power Limit" (kikomo cha wati) hadi asilimia 80. Si safi kama njia ya kwanza, lakini ni sekunde tano.

---

#14 Nyalenda_88

Stima ikipotea katikati ya gemu, feni zinazima ghafla kadi ikiwa 80. Inaharibika?

---

#15 FundiWaKibuye

Mzigo umezima pamoja na feni, omera. Joto lililo kwenye chuma linasambaa na kupoa lenyewe. Linda mashine na umeme unaporudi: chomoa ukutani, subiri utulie.

---

#16 Atieno_Fremu

La mwisho kwangu. Kibanda cha gemu chenye mashine nane. Kila moja peke yake iko sawa, zote zikiwaka jioni kila kadi inapanda nyuzi 8.

---

#17 JotoLaZiwa

Hapo kadi hazina kosa, dada, chumba ndicho kimepanda nyuzi 8. Mashine nane za wati 300 pamoja na skrini ni wati 2,400, sawa na kuacha jiko la umeme likiwaka kutwa, na watu hujawahesabu. Feni ya dari inazungusha joto hilo hilo.

Hewa lazima itoke. Ili chumba kisizidi nje kwa zaidi ya nyuzi 5, kwa hewa ya Kisumu, wati 2,400 zinahitaji karibu mita za ujazo 1,700 kwa saa. Namba hiyo itafute kwenye kibandiko cha feni ya kutolea hewa, usinunue kwa kutazama inchi. Ifunge juu, karibu na dari, ikitupa nje. Mlango wa hewa uwe chini, ukuta wa pili, uwe mpana kuliko feni yenyewe kwa sababu ya wavu wa wadudu. Mashine zipange migongo yao itazame upande wa feni, hewa ya moto isipite mbele ya jirani. Ukipata feni ndogo tu, chukua mbili na uzifunge ukuta mmoja. Zikitazamana, moja inaiba hewa ya mwenzake.